Uhamishaji wa Njia za Mkato za Programu baina ya Kompyuta na Ulinganifu wa Usanifu wa Mifumo Endeshi: Ufafanuzi kwa Kurejelea Mazingira ya Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoani Mara

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kinachotokea mtumiaji wa kompyuta anapohamisha njia ya mkato ya programu kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Yanaonesha kuwa kushindwa kwa njia hiyo kufanya kazi hakutokani na uzembe wa mtumiaji peke yake, bali pia na upungufu wa ulinganifu katika usanifu wa mifumo endeshi. Uchambuzi unaongozwa na mgawanyo wa aina tatu za ulinganifu uliotolewa na Jonathan Grudin mwaka 1989. Mazingira yanayorejelewa ni ya wilaya za Tarime na Serengeti, ambako kompyuta moja mara nyingi hutumiwa na watu wengi na mafaili husafirishwa kwa mkono. Makala yanahitimisha kuwa gharama ya upungufu huo humwangukia zaidi mtumiaji asiye na kompyuta yake mwenyewe, wakiwemo watafiti wa lugha na fasihi simulizi ambao data zao haziwezi kukusanywa mara ya pili. Aidha, yanaonesha kuwa istilahi ya Kiswahili "njia ya mkato" inalieleza jambo hili kwa usahihi kuliko alama inayooneshwa kwenye kioo, na kwamba inaweza kutumika kama nyenzo ya kufundishia.

1.0 Utangulizi

Katika miji midogo ya Mkoa wa Mara, kama vile Tarime, Sirari, Nyamongo na Mugumu, kazi nyingi za kompyuta hufanyika katika maduka ya stesheneri, ofisi na shule. Mwalimu huandaa mtihani kwenye kompyuta ya shule na kwenda kuuchapisha dukani. Mwanafunzi wa chuo huandika sura ya tasnifu kwenye kompyuta ya kuazima na kuimalizia kwenye nyingine. Kiunganishi cha kompyuta hizo ni diski mweko, inayojulikana zaidi kama flashi. Katika mazingira ya namna hiyo, swali la kitu gani hasa kinahama pale mtu "anapohamisha programu" linakuwa la kila siku.

Chukulia mfano wa mtafiti anayekusanya ngano za Wangoreme katika Wilaya ya Serengeti. Amehifadhi rekodi zake kwenye kompyuta aliyoazimwa mjini Mugumu. Ili kuzifikia kwa urahisi, amewekewa alama mbili kwenye eneokazi: moja ya programu ya kunukulia sauti na nyingine ya folda ya rekodi. Siku ya kuondoka ananakili alama hizo mbili kwenye flashi, anavuka Mto Mara na kufika Tarime. Anapozibofya kwenye kompyuta nyingine, alama zinaonekana lakini hazifunguki. Iwapo kompyuta ya Mugumu imekwisha kusafishwa ili itumiwe na mwingine, masimulizi yaliyorekodiwa kwa wiki kadhaa yamepotea. Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila hatua iliyomo ndani yake ni utendaji wa kawaida wa mfumo endeshi. Hakuna kilichoharibika; kila kitu kimefanya kazi kama kilivyosanifiwa.

Hoja ya makala haya inaanzia hapo. Ikiwa mfumo umefanya kazi kama ulivyosanifiwa na mtumiaji bado amepoteza kazi yake, basi usanifu wenyewe unastahili kuchunguzwa.

2.0 Mkabala wa Uchambuzi

Ulinganifu ni miongoni mwa kanuni kongwe za usanifu wa violesura vya kompyuta. Ben Shneiderman aliuweka katika kanuni zake nane za usanifu, na Jakob Nielsen aliujumuisha katika kanuni kumi alizozichapisha mwaka 1994. Kiini cha kanuni hiyo ni kwamba maneno, hali na vitendo vinavyofanana vinapaswa kuwa na maana moja, ili mtumiaji asilazimike kujiuliza kila mara kama kitendo kilekile kitaleta tokeo lilelile.

Hata hivyo, mwaka 1989 Grudin aliikosoa kanuni hii katika makala yaliyochapishwa na jarida la Communications of the ACM. Alidai kuwa ulinganifu haupaswi kufuatwa kwa ajili ya ulinganifu wenyewe, na kwamba kinachopaswa kutangulia ni kazi anayotaka kuifanya mtumiaji na mazingira anamofanyia. Katika kujenga hoja hiyo alitofautisha aina tatu. Ya kwanza ni ulinganifu wa ndani, yaani kufanana kwa sehemu za mfumo mmoja. Ya pili ni ulinganifu wa nje, yaani kufanana kwa mfumo mmoja na mifumo mingine anayoijua mtumiaji. Ya tatu ni ulinganifu na ulimwengu, yaani kufanana kwa mfumo na vitu ambavyo mtumiaji anavifahamu nje ya kompyuta.

Makala haya yanatumia mgawanyo huo kwa sababu mbili. Mosi, njia ya mkato inagusa aina zote tatu. Pili, ukosoaji wa Grudin unazuia hitimisho jepesi kwamba dawa ni kufanya kila kitu kifanane. Kama itakavyoonekana, baadhi ya madhara yanatokana na vitu tofauti kufananishwa kupita kiasi.

3.0 Njia ya Mkato ni Nini

Wazo la faili linaloelekeza kwenye faili jingine lilikuwepo kabla ya eneokazi la leo. Toleo la Unix liitwalo 4.2BSD, la mwaka 1983, lilikuwa na viungo vya aina hiyo, ambavyo ndani yake mna maandishi ya anwani tu. Apple iliingiza wazo hilo katika kompyuta za Macintosh kupitia System 7 mwaka 1991, na Microsoft ikafuata kwa Windows 95 iliyotolewa Agosti 1995. Tangu hapo njia ya mkato imekuwa mlango ambao watumiaji wengi wa Windows huuona kila siku, kiasi kwamba mlango na nyumba vimekuwa kitu kimoja machoni pao.

Katika Windows, njia ya mkato ni faili dogo lenye kitambulisho cha .lnk. Faili hilo huanza na kichwa chenye baiti 76, kikifuatiwa na taarifa za kitu kinachoelekezwa. Taarifa hizo zinaweza kujumuisha anwani ya kitu kwenye diski, namba ya utambulisho ya diski hiyo, ukubwa na tarehe za kitu chenyewe, mahali picha ya alama inapochukuliwa na, mara nyingi, jina la kompyuta ambamo kitu hicho kilikuwemo. Kwa kawaida faili zima halizidi kilobaiti chache.

Ulinganisho wa ukubwa unaweka jambo hili wazi. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa bila kubanwa, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 na njia mbili za sauti, huchukua takribani megabaiti 635. Njia ya mkato ya folda yenye saa kumi za sauti hiyo ina ukubwa uleule wa njia ya mkato ya folda tupu. Kwa hiyo mtumiaji anaponakili alama na kuona kazi imekamilika kwa kufumba na kufumbua, kasi hiyo yenyewe ni dalili kwamba kilichonakiliwa ni anwani.

4.0 Kinachotokea Inapohamishwa

Programu iliyosakinishwa katika Windows haikai mahali pamoja. Mafaili yake makuu huwekwa kwenye folda ya Program Files. Mipangilio yake huandikwa katika sajili ya mfumo, ambayo ni hazina ya taarifa inayotumiwa na programu nyingi. Mafaili mengine huwekwa katika folda ya mtumiaji husika. Njia ya mkato hubeba anwani ya faili kuu pekee. Inapopelekwa kwenye kompyuta nyingine, matokeo matatu yanawezekana.

Tokeo la kwanza ni kushindwa. Kompyuta ya pili haina programu hiyo, na anwani inaelekeza mahali patupu. Tokeo la pili ni kushindwa ilhali programu ipo. Hili hutokea anwani zinapotofautiana. Katika Windows ya biti 64, kwa mfano, programu za biti 32 huwekwa katika folda nyingine iitwayo Program Files (x86), hivyo programu ileile yaweza kuwa na anwani mbili katika kompyuta mbili. Tokeo la tatu ni kufaulu. Kompyuta zote mbili zina programu ileile mahali palepale, na njia iliyohamishwa inaifungua bila tatizo.

Tokeo la tatu ndilo lenye hatari zaidi kwa ujifunzaji. Mtu anayehamisha alama ya programu ya kuandikia, ambayo imesakinishwa karibu kila duka la stesheneri, huiona ikifunguka na kuamini kuwa ameibeba programu. Imani hiyo haikanushwi na chochote hadi siku atakapohamisha alama ya kitu kisichopatikana kwingine, na kwa kawaida kitu hicho ni kazi yake mwenyewe.

Ujumbe unaotolewa na Windows njia inaposhindwa nao unastahili kuchambuliwa. Maudhui yake ni kwamba kitu kinachorejelewa kimebadilishwa au kimehamishwa, kisha mtumiaji anaulizwa kama angependa kuifuta njia hiyo. Kauli hii imeandikwa kana kwamba kuna kompyuta moja tu duniani. Kwa mtu aliyetoka Mugumu na flashi yake, kitu hakikubadilishwa wala hakikuhamishwa. Kiko palepale kilipokuwa, na kilichohama ni njia. Ujumbe huo haumwambii kwamba kitu kilikuwa katika kompyuta nyingine, ingawa mara nyingi jina la kompyuta hiyo limo ndani ya faili lenyewe la njia ya mkato. Badala yake unampendekezea afute ushahidi pekee alionao wa mahali kazi yake ilipo.

5.0 Upungufu wa Ulinganifu wa Ndani

Ndani ya Windows yenyewe, kitendo kimoja hutoa matokeo tofauti. Mtumiaji anapoburuta faili na kulidondosha kwenye folda nyingine ya diski ileile, faili huhama. Anapoliburuta kwenda diski nyingine, kama vile flashi, faili hunakiliwa na la awali hubaki. Katika Windows 95, kuburuta faili la programu kulikuwa na kanuni yake ya pekee: mara nyingi mfumo haukuhamisha wala kunakili, bali uliunda njia ya mkato. Mkono umefanya jambo lilelile, lakini mfumo umefanya mambo matatu.

Hali kadhalika, menyu inayotokea kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya ina amri ya kutuma. Mtumiaji akituma folda kwenye flashi, folda nzima hunakiliwa. Akituma folda hiyohiyo kwenye eneokazi, kinachoundwa ni njia ya mkato. Kitenzi ni kimoja na orodha ni moja, ila katika chaguo moja kitu kinakwenda na katika jingine kinakwenda kivuli chake.

Eneokazi nalo linachanganya vitu vya asili tofauti. Juu yake hukaa mafaili halisi, njia za mkato na alama za mfumo kama pipa la taka. Kufuta njia ya mkato hakuiathiri programu, lakini kufuta faili halisi lililo pembeni yake ni kuliondoa. Tofauti ya vitu hivi inaoneshwa na mshale mdogo kwenye kona ya chini kushoto ya alama. Kitambulisho cha .lnk chenyewe hakioneshwi, hata pale mtumiaji anapouagiza mfumo uoneshe vitambulisho vya mafaili yote. Hapa hoja ya Grudin inathibitika kwa namna ya pekee. Tatizo la eneokazi si kwamba vitu vinavyofanana vimetenganishwa, bali kwamba vitu visivyofanana vimevishwa sura moja.

6.0 Upungufu wa Ulinganifu wa Nje

Mtumiaji haji kwenye kompyuta akiwa mtupu; huja na mazoea ya vifaa vingine. Katika macOS, programu nyingi hukaa katika kifurushi kimoja kinachoonekana kama alama moja. Kuiburuta alama hiyo hadi kwenye folda ya programu ndiyo njia ya kawaida ya kuisakinisha, na kwa programu nyingi kuinakili kwenye kompyuta nyingine ya aina hiyo ni kuihamisha programu yenyewe. Njia ya mkato ya Macintosh, kwa upande wake, hutunza utambulisho wa faili pamoja na anwani, hivyo inaweza kulifuata faili linapohamishwa ndani ya diski ileile.

Katika mifumo ya Linux, alama ya programu kwa kawaida hutokana na faili la maandishi lenye kitambulisho cha .desktop, ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua na kulisoma. Ndani yake kuna mstari wa jina, mstari wa picha na mstari wa amri inayoiendesha programu. Kanuni za muundo huo zinaruhusu jina kuandikwa kwa lugha nyingi. Mstari unaoanza na Name[sw] ndio unaobeba jina la Kiswahili. Faili hili nalo halibebi programu, lakini halifichi ukweli huo kwa anayelifungua.

Mazoea yenye nguvu zaidi, hata hivyo, hutoka kwenye simu. Watu wengi Afrika Mashariki wameifahamu simu kabla ya kompyuta. Katika simu za Android, programu za kurushiana mafaili kama Xender humwezesha mtu kuchagua alama ya programu na kuirusha kwa simu ya mwenzake bila intaneti. Kinachokwenda ni programu kamili, na mwenzake huisakinisha papo hapo. Katika simu za iPhone, hadi toleo la iOS 14 la mwaka 2020, kuondoa alama ya programu iliyopakuliwa kulikuwa sawa na kuiondoa programu yenyewe. Kijana wa Tarime aliyezoea kumrushia rafiki yake mchezo kwa kugusa alama yake ana sababu ya kutosha ya kutarajia kwamba alama ya kompyuta nayo hubeba programu. Matarajio yake ni tokeo la kujifunza vizuri katika mfumo mmoja na kukutana na mfumo mwingine unaotumia sura ileile kwa maana tofauti, na kwa hiyo si sahihi kuyaita ujinga.

7.0 Ulinganifu na Ulimwengu: Istilahi ya Kiswahili

Eneokazi la kompyuta ni sitiari. Kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981 ilichora kwenye kioo vitu vya ofisini: nyaraka, folda na makabati. Sitiari hiyo ilisaidia kwa sababu karatasi iliyoko mezani iko mahali pamoja tu, ukiichukua, umeichukua. Njia ya mkato ilipoongezwa juu ya meza hiyo, ilivunja sitiari. Hakuna karatasi mezani ambayo ukiisoma unajikuta unasoma karatasi nyingine iliyo kabatini.

Tafsiri ya Kiswahili imeleta sitiari nyingine. Jitihada za kuswahilisha programu za kompyuta, ikiwemo Jambo OpenOffice iliyotolewa mwaka 2004 kutokana na mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zimewaachia watumiaji msamiati mpana wa Kiswahili. Miongoni mwa istilahi zilizoenea katika violesura vya Kiswahili ni "njia ya mkato". Mitaani wengi husema "shotikati", neno ambalo halimwambii msikiaji chochote kuhusu asili ya kitu. Lakini mzungumzaji wa Kiswahili anajua njia ya mkato ni nini: ni kijia kinachomfikisha mtu haraka mahali ambapo pangefikika pia kwa barabara ndefu.

Ujuzi huo unatosha kueleza sehemu kubwa ya yaliyojadiliwa. Mtu anayeelekezwa kwenda kwenye boma fulani nje ya Mugumu, kwa kukata kushoto baada ya kisima na kupita nyuma ya shule, amepewa njia. Akiyachukua maelekezo hayo na kuyafuata Tarime, hatafika kwenye boma hilo. Huenda asikute kisima wala shule. Huenda pia akakuta kisima na shule vya Tarime, akafika kwenye boma la watu wengine, kama ambavyo njia ya mkato iliyohamishwa yaweza kufungua programu ya kompyuta nyingine. Kadhalika, njia ikifunikwa na majani, boma halijabomoka. Na boma likihama, njia haihami nalo.

Istilahi hii ina dosari moja iliyorithiwa kutoka Kiingereza. Inatumika pia kwa michanganyo ya vitufe vya kibodi, kama ule wa kunakili au kubandika. Michanganyo hiyo si njia ya kwenda mahali. Ni namna fupi ya kutoa amri, na mingi iliyo ya msingi hufanya kazi katika kila kompyuta yenye mfumo uleule. Kuziita dhana hizi mbili kwa jina moja kunamnyima mwanafunzi faida ya sitiari. Makala haya yanapendekeza kuwa "njia ya mkato" ibaki kwa faili linaloelekeza, na michanganyo ya kibodi iitwe "vitufe vya mkato".

8.0 Njia ya Mkato kama Mtego

Kufanana kwa sura ya kitu na sura ya njia yake kumetumiwa pia na watunzi wa programu haribifu. Virusi vinavyojulikana kwa watumiaji kama virusi vya shotikati huingia kwenye flashi, huzipa folda halisi sifa ya kufichwa, kisha huweka mahali pake njia za mkato zenye majina na picha zilezile. Mtumiaji anapobofya, programu haribifu huendeshwa kwanza, na mara nyingi folda halisi hufunguliwa baadaye ili asishuku. Flashi inayopita kompyuta nyingi kwa siku moja ndiyo chombo chao cha usafiri.

Mwaka 2010 ilibainika kuwa programu haribifu ya Stuxnet ilitumia kasoro katika namna Windows ilivyoonesha picha za njia za mkato. Kufungua tu folda yenye faili hilo, bila kulibofya, kulitosha kuiambukiza kompyuta. Microsoft ilitoa marekebisho ya kasoro hiyo Agosti mwaka huohuo.

Kwa mtumiaji wa kawaida, hasara kubwa zaidi huja baada ya maambukizi. Akiona mishale mahali pa folda zake, huamini kuwa kazi imefutika na hukubali flashi ifomatiwe. Katika hali nyingi folda hizo bado zipo, zimefichwa tu, na zinaweza kurejeshwa kwa kuondoa sifa ya kufichwa. Kinachozifuta ni kule kufomati. Mtu anayeelewa kuwa njia si boma atauliza boma liko wapi kabla ya kukubali lichomwe.

9.0 Athari kwa Data za Utafiti

Suala hili linawagusa moja kwa moja watafiti wa lugha. Wilaya za Tarime na Serengeti zina Kikuria, Kingoreme, Kiikoma na lugha nyingine za jamii ya Kibantu, na Kikuria kinavuka mpaka wa Sirari hadi Kenya. Tafiti za lugha na fasihi simulizi katika eneo hili hutegemea rekodi za sauti na video. Mzee aliyerekodiwa akisimulia huenda asiwepo mtafiti atakaporudi.

Zana za kazi hiyo hazifanani katika namna zinavyohama. Praat, programu ya uchambuzi wa sauti iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, katika Windows ni faili moja lisilohitaji kusakinishwa. Kulinakili ni kuihamisha programu. ELAN, iliyoundwa katika Taasisi ya Max Planck mjini Nijmegen, kwa kawaida husakinishwa. Zaidi ya hayo, faili la unukuzi la ELAN halina sauti ndani yake. Lina maandishi ya unukuzi, nyakati zake na anwani ya faili la sauti. Kwa lugha ya makala haya, sehemu yake moja ni njia ya mkato.

Hata hivyo, ELAN inaonesha pia namna usanifu unavyoweza kupunguza hasara. Faili lake linaweza kutunza anwani mbili za sauti ileile: anwani kamili, inayoanzia kwenye mzizi wa diski, na anwani husianifu, inayoanzia pale faili la unukuzi lilipo. Anwani ya kwanza hufa faili linapohamia kompyuta nyingine. Ya pili huishi, mradi sauti na unukuzi vimesafiri pamoja katika folda moja. Zote zisipofanikiwa, mtumiaji huombwa aioneshe programu mahali sauti ilipo, na hapendekezewi kufuta chochote.

10.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, ufundishaji wa kompyuta katika shule na vyuo utenganishe tangu mwanzo kitu, mahali kilipo na njia ya kukifikia, na utumie maana ya kawaida ya "njia ya mkato" kama kianzio. Pili, anayehamisha kazi aangalie ukubwa wa alichonakili kabla ya kuondoka: kilobaiti mbili haziwezi kuwa saa kumi za ngano. Tatu, programu zichukuliwe kwa visakinishi vyake na data zichukuliwe kwa folda nzima, kisha zifunguliwe kwenye kompyuta ya pili kabla ya kuondolewa kwenye ya kwanza. Nne, wasimamizi na watahini wanaopokea data pamoja na tasnifu wazifungue katika kompyuta ambayo mtahiniwa hakuitumia. Data zinazofunguka kwenye kompyuta ya mtahiniwa pekee hazijawasilishwa.

Kwa upande wa usanifu, makala hayadai kwamba mifumo yote ifanane. macOS, Linux, Windows na simu vina historia na malengo tofauti, na Grudin ameonesha kuwa ulinganifu usiozingatia kazi ya mtumiaji hauna faida. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi: kitu na njia yake visivae sura moja; amri moja isinakili hapa na kuelekeza pale bila kumjulisha mtumiaji; na ujumbe wa kushindwa utaje kompyuta ambamo kitu kiliachwa iwapo mfumo unaijua.

Mtu mwenye kompyuta yake mwenyewe anaweza kuishi miaka mingi bila kuhitaji tofauti hizi, kwa kuwa njia zake na vitu vyake havitengani. Usanifu wa njia ya mkato ulimlenga mtumiaji huyo. Anayebeba kazi yake kwenye flashi kutoka Mugumu hadi Tarime yuko nje ya dhana hiyo, na ndiye anayelipa gharama ya kutofikiriwa.